Chimba Uone: Mbolea Iliyo Hewani na Mashamba ya Kando ya Ziwa

Mwezi wa Mei, jirani yangu hapa Seme aliniita shambani kwake kwa sauti ya mtu aliyepatwa na hasara. Nilimkuta katikati ya kunde zake, zile tunazoziita boo, ameng'oa mche mmoja na kuugeuza mizizi juu. "Nyathina, njoo uone," akaniambia. "Minyoo imeingia. Kesho naenda Kombewa kununua dawa." Mizizi ilikuwa imejaa vifundo, vingine vidogo kama punje ya wimbi, vingine vikubwa kama ndengu. Nikabandua kimoja, nikakipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu, na maji yake yakaniachia doa kidoleni kana kwamba nimechomwa na mwiba. "Mama, hii si minyoo," nikamwambia. "Hii ndiyo mbolea yako. Ukiipigia dawa utakuwa unampiga anayekulisha."

Mama huyu amelima kunde tangu alipoolewa, na hakuna aliyewahi kumwonyesha kilicho chini. Simlaumu. Sisi tunaowashauri wakulima tumeimba miaka mingi kwamba mikunde hurutubisha udongo, kisha tukaenda zetu. Hatukusema ni mikunde ipi, kwa masharti gani, wala mkulima atajuaje kama kweli kazi imefanyika. Ndiyo maana kuna mashamba, kuanzia Maseno hadi Nyakach, yanayopandwa maharagwe kila msimu na bado mahindi yake yana umanjano wa nyasi za kiangazi. Mkulima hakukosea kupanda maharagwe. Aliahidiwa jambo ambalo maharagwe peke yake hayaliwezi.

Tuanze hewani. Karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, kirutubisho kilekile ambacho mahindi yanakililia ardhini. Shida ni kwamba atomi zake mbili zimekumbatiana kwa nguvu ambayo mmea hauna uwezo wa kuivunja. Viwandani hutenganishwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 400 na kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara 100. Kwa hiyo bei ya mfuko wa mbolea hupanda na kushuka na bei ya gesi duniani. Chini ya kunde za jirani yangu kazi hiyohiyo inafanyika katika udongo baridi, bila moshi wala kelele. Wanaoifanya ni bakteria waitwao raizobia. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walionyesha kwamba vifundo vya mizizini ndivyo vinavyoiwezesha mimea hii kula naitrojeni ya hewa, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akawatenga bakteria wenyewe.

Mmea na bakteria hukutana kwa utaratibu ambao mtu wa huku ataufahamu mara moja, maana ni hodi na karibu. Mzizi mchanga hutoa kemikali udongoni. Bakteria anayezitambua hujibu kwa kemikali yake mwenyewe, na hapo kinyweleo cha mzizi hujikunja na kumfungulia mlango. Asiyejua hodi ya mmea huo hafunguliwi. Jambo hili tutalirudia tukifika kwenye soya.

Akishaingia, hafanyi kazi bure. Kutenganisha molekuli moja tu ya naitrojeni hugharimu molekuli 16 za ATP, ambazo ndizo sarafu ya nguvu katika chembe hai zote. Mmea humlipa bakteria kwa sukari inayotengenezwa majani yakipata jua. Nawasihi wasomaji walishike hili kabla ya jingine lolote, kwa sababu ushauri wangu wote unatoka hapo: naitrojeni ya hewani ina malipo, na malipo yake ni mwanga, fosforasi, maji na hewa safi udongoni. Mmea uliofunikwa na kivuli, au ulioliwa majani na wadudu, au uliokosa fosforasi, hauna cha kulipa. Vifundo vyake hubaki vidogo, vyeupe, vya kupamba mizizi tu.

Na ule wekundu? Kimeng'enya kinachotenganisha naitrojeni huharibiwa na oksijeni, lakini bakteria naye anahitaji oksijeni ili aishi. Mmea umelitatua fumbo hilo kwa kutengeneza leghemoglobini, ndugu wa hemoglobini iliyo katika damu yetu, inayoishika oksijeni na kuigawa kwa vipimo vidogovidogo. Rangi unayoiona ni ya ndugu wa damu yako. Kifundo chekundu au cha waridi kinafanya kazi. Cheupe ama bado ni kichanga, ama kina bakteria wavivu wanaokula sukari bila kurudisha kitu. Cha kijani au kahawia kimezeeka.

Kwa hiyo chimba. Usiung'oe mmea, maana vifundo vizuri hubaki ardhini. Ingiza jembe-uma kiganja kimoja kutoka kwenye shina, inua bonge zima la udongo, liloweke kwenye beseni la maji kwa dakika kadhaa, kisha osha taratibu. Chimba mimea kama kumi kutoka sehemu mbalimbali za shamba, usichague ile mizuri ya ukingoni. Wakati mzuri ni maua yanapoanza kutoka, wiki ya tano au ya sita kwa maharagwe ya kichaka, ya saba hivi kwa soya. Tazama pia vifundo vimekaa wapi. Kwenye soya iliyopata bakteria wema, vingi hujikusanya karibu na mzizi mkuu, juu juu. Kwenye njugu karanga hukaa pale mizizi midogo inapochipuka kutoka kwa mkubwa. Kwenye maharagwe ni vidogo na vimetawanyika.

Hofu ya jirani yangu haikuwa ya bure. Minyoo fundo ipo kwenye mashamba yetu, hasa palipolimwa nyanya mfululizo. Tofauti yake ni hii: kifundo cha raizobia kimeninginia ubavuni mwa mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinabanduka na mzizi unabaki mzima. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliofura. Ukijaribu kuubandua, utakata mzizi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu kila zao, maana mikunde si mamoja.

Maharagwe, oganda zetu za kila siku, ndiyo dhaifu zaidi katika ukoo huu. Aina za kichaka hukomaa kwa miezi miwili na nusu hivi. Vifundo huchelewa kuanza kazi, na mara tu maganda yanapojaa mmea huacha kuvilisha. Kwa kawaida chini ya nusu ya naitrojeni iliyo ndani ya maharagwe hutoka hewani, na kwenye udongo uliochoka ni kidogo zaidi. Anayekwambia kwamba Rosecoco zako zitailisha mahindi ya msimu ujao anakupa matumaini yasiyo na mizizi. Maharagwe yanayotambaa, yale ya kuwekewa miti, hukaa shambani muda mrefu zaidi na hufunga naitrojeni zaidi. Ukiwa na shamba dogo na miti ya kuegemeza, ningekushauri uyajaribu hayo.

Kunde na njugu karanga ni waungwana. Hazichagui sana, hufungulia mlango aina nyingi za raizobia ambazo tayari zimo katika udongo wa Afrika. Mara nyingi huna haja ya kuzinunulia bakteria, na pesa hiyo ingefanya kazi zaidi ukinunua fosforasi. Lakini kwa boo nina neno moja la pembeni. Wengi wetu tunaichuma majani kwa ajili ya mboga, na jani ndilo linalolipa mshahara wa bakteria. Ukiikwanyua mpaka libaki shina tupu, vifundo hufa njaa. Chuma majani machache kwa kila mmea, uache ya juu yaendelee kufanya kazi, na kama unataka mbegu pia, tenga mistari ya mboga na mistari ya mbegu.

Soya ni mgeni kutoka Asia, na raizobia wake wa asili hawakuwepo hapa. Hapo ndipo hodi inapokosa mwitikio. Watafiti wa taasisi ya IITA, yenye makao yake Ibadan, Nigeria, walizalisha aina zinazoitikia hodi za bakteria wa kunde wa Afrika, aina za TGx. Mojawapo, TGx 1740-2F, ndiyo wakulima wa magharibi mwa Kenya wanaijua kwa jina SB19. Hata hivyo aina hizi nazo huzaa vizuri zaidi zikipewa bakteria wao. Hapa Kenya bakteria hao huuzwa kwa jina la Biofix, chanjo ya mbegu iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kutengenezwa na kampuni ya MEA. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 chini ya Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, ndio uliowafanya wakulima wengi wa upande huu waisikie kwa mara ya kwanza.

Chanjo hii ni kitu hai, na nililijifunza hilo kwa hasara. Msimu wangu wa kwanza wa soya nilinunua pakiti katika duka moja la agroveti. Ilikuwa imetundikwa dirishani, jua la saa nane linaipiga. Sikuuliza kitu, sikusoma tarehe. Nilipanda kwa furaha, na wiki ya saba nikachimba mimea ishirini. Kumi na saba haikuwa na kifundo hata kimoja. Nilikuwa nimezipaka mbegu zangu vumbi jeusi lenye maiti. Tangu siku hiyo nikiingia dukani naomba nionyeshwe pakiti inahifadhiwa wapi, nasoma tarehe ya mwisho, na kama imekaa juani naondoka. Nyumbani naiweka ndani ya chungu kilichofukiwa nusu kwenye udongo chini ya mti. Ubaridi huo unatosha kwa siku chache.

Kupaka mbegu si kazi ngumu. Gramu 10 za chanjo kwa kilo moja ya mbegu ndicho kipimo cha kawaida, kwa hiyo gorogoro moja, ambayo ni kilo mbili hivi, itataka gramu 20. Lowesha mbegu kidogo kwa gundi inayokuja na pakiti, au kwa maji yenye sukari, ziwe za kunata bila kulowa chapa. Nyunyiza chanjo, geuzageuza mpaka kila mbegu iwe na koti jeusi. Fanya hayo kivulini, panda siku hiyohiyo udongo ukiwa na unyevu, na ufukie mara moja. Usichanganye mbegu zilizopakwa na mbolea ya kemikali katika shimo moja bila kuweka udongo kati yake, na usitumie mbegu zilizotiwa dawa ya ukungu yenye shaba. Asubuhi ya mawingu ni bora kuliko adhuhuri ya jua.

Lakini hakuna chanjo inayoweza kuuponya udongo wenye njaa ya fosforasi, na hapo ndipo mashamba mengi ya Siaya, Vihiga na sehemu za juu za Kisumu yanapokwama. Fosforasi ndiyo inayojenga zile ATP nilizozitaja. Bila hiyo bakteria ni fundi asiye na moto. Na fosforasi iliyopo hunaswa na chuma na alumini za udongo mwekundu wenye asidi. Molibdeni, madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo mno lakini yaliyo katika moyo wa kile kimeng'enya, nayo hufungwa na asidi hiyohiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kununua mbegu nzuri na chanjo nzuri, akavuna majani ya njano, kisha akaapa kwamba soya haifai.

Pima udongo wako walau mara moja katika misimu michache. Kipimo cha asidi (pH) kikiwa chini ya 5.5, tia chokaa ya kilimo wiki mbili hadi nne kabla ya kupanda, kwa kiasi kitakachotokana na kipimo. Chokaa hatuna haja ya kuitafuta mbali, maana huchimbwa Koru, katika kaunti yetu wenyewe. Kisha mpe mkunde mbolea yenye fosforasi nyingi na naitrojeni kidogo au isiyo nayo kabisa. TSP inafaa, na ipo Sympal, iliyochanganywa mahususi kwa mikunde, yenye fosforasi, potasiamu, kalsiamu, salfa na zinki bila naitrojeni. DAP ina naitrojeni asilimia 18. Kwa maharagwe, ambayo ni mavivu, kiasi kidogo wakati wa kupanda hakina ubaya. CAN ya kukuzia usiitie kabisa kwenye mikunde. Mmea ukipata naitrojeni ya bure mizizini hauoni sababu ya kuwalipa bakteria, na vifundo husinyaa. Ni kumlipa mfanyakazi wa pili ili wa kwanza akalale.

Samadi ni habari nyingine. Kuna mashamba yaliyochoka kiasi kwamba hayaitikii mbolea yoyote ya dukani, mchanga mtupu uliobaki baada ya miaka ya kulima na kubeba. Hapo anza na samadi ya boma kwa misimu miwili mitatu, ndipo uzungumze habari za soya.

Wakulima wa uwanda wa Kano, kuanzia Ahero hadi Nyando, wana shida tofauti. Udongo wao mweusi una rutuba, lakini mvua za chwiri, yaani za masika, zikikaza maji hutuama, na kifundo kilichofunikwa na maji hukosa hewa. Naitrojeni ni gesi, nayo inapaswa kuufikia mzizi kupitia matundu ya udongo. Huko panda juu ya matuta, na usipande mikunde kwenye madimbwi ukitumaini itavumilia. Msimu wa opon, yaani wa vuli, una hatari ya upande wa pili: ukame wa wiki mbili unaweza kusimamisha vifundo vya soya kabla majani hayajaonyesha dalili ya kunyauka. Ndiyo maana nasisitiza kupanda mapema na kufunika udongo kwa mabaki ya mimea.

Kuhusu kuchanganya na mahindi, watu wetu hupanda maharagwe katikati ya mistari ya mahindi, au hata shimo moja. Kufikia wiki ya sita mahindi yamefunga anga, na mkunde uko gizani bila mshahara wa kulipa. Shirika la SACRED Africa la Bungoma lilibuni mpango uitwao MBILI, na jina linajieleza: mistari miwili ya mahindi iliyosogezwa hadi sentimita 50, kisha nafasi ya mita moja yenye mistari miwili ya mikunde, umbali wa sentimita 33. Idadi ya mahindi shambani haipungui, kilichobadilika ni jua kufika chini. Kati ya mambo yote niliyoandika hapa, hili ndilo lisilokugharimu hata senti, ila kamba ya kupimia.

Sasa nifike kwenye mavuno, kwa sababu ndipo tunapoharibu zaidi.

Ndani ya kifundo naitrojeni hugeuzwa kuwa amonia, ambayo ni sumu ikikaa, kwa hiyo mmea huifunga haraka katika asidi-amino iitwayo glutamini. Soya, kunde na maharagwe huigeuza zaidi kuwa ureidi, kama alantoini, na kuipandisha kupitia shina hadi kwenye majani. Huko hujenga protini. Lakini maganda yanapoanza kujaa, mmea huvunja protini za majani yake na kuzihamishia kwenye mbegu. Umanjano wa soya inayokomaa si ugonjwa, ni mzazi anayewavulia watoto nguo zake. Tani moja ya mbegu za soya hubeba takriban kilo 60 za naitrojeni. Mfuko wa kilo 50 wa CAN una kilo 13. Maana yake ni kwamba tani hiyo inatoka shambani na zaidi ya mifuko minne ya CAN.

Piga hesabu nami. Tuseme katika kila kilo 100 za naitrojeni zilizomo kwenye mmea mzima, 60 zilitoka hewani na 40 zilitoka kwenye udongo wako. Mbegu zikiondoka na 75, umebakiwa na 25 katika majani, mashina na mizizi. Ulikopa 40, umerudisha 25. Na ukiyabeba mashina na maganda hadi bomani, ukayapura na kuyachoma, hata hiyo 25 imekwenda karibu yote. Mikunde iliyovunwa hivyo haikurutubisha udongo. Iliuchuma.

Wamama wa huku huchoma maganda ya maharagwe ili kupata majivu ya kuchuja chumvi ya kienyeji, ile inayolainisha mboga za mitoo na boo chunguni. Siwaambii waache, mboga hiyo ni haki yetu. Ila wajue kwamba naitrojeni huondoka na moshi, majivu yanabakiwa na potasiamu. Choma kiasi cha chumvi, kilichobaki kirudi shambani. Na wakati wa kuvuna, kata shina kwa panga juu kidogo ya ardhi badala ya kung'oa. Mizizi na vifundo vyake ibaki ilipo, ioze hapo. Kama ng'ombe atakula mabaki, basi samadi yake irudi kwenye shamba lilelile, isiishie kwenye bustani ya karibu na nyumba. Kila Jumapili nikiona mafungu ya boo na mitoo yakishushwa katika soko la Kibuye, nawaza kwamba hiyo ni naitrojeni ya Seme na Nyakach inayohamia Kisumu bila tiketi ya kurudi. Tuuze, lazima tuuze. Lakini shamba linalouza kila siku bila kupokea litafika mwisho.

Na kwa kuwa nimeitaja mitoo, niiongezee heshima. Nayo ni jamii ya kunde, nayo ina vifundo. Tanzania aina yake moja huitwa marejea, na imepandwa kama mbolea ya kijani. Ukibakiwa na kipande ambacho hutakilima msimu wa opon, mwaga mbegu za mitoo, chuma mboga ya nyumbani, kisha ifyeke na kuifukia ikianza kutoa maua, kabla haijahamishia mali yake kwenye mbegu. Hapo ndipo udongo hupokea kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walifanya hivyo kwa miti na vichaka karibu na Maseno, wakitumia sesbania, tefrosia na aina za krotalaria katika mashamba yaliyopumzishwa, na mahindi yaliyofuata yalinawiri. Wengi waliacha baadaye, na naelewa kwa nini: mwenye robo ekari hawezi kulipumzisha shamba wakati watoto wanasubiri nyoyo, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe. Ushauri usiopima ukubwa wa shamba ni ushauri wa mtu anayekula mshahara.

Kwa shamba dogo lenye kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi, ningependekeza desmodiamu kuliko miti. Kituo cha ICIPE kule Mbita kimeifanyia kazi tangu miaka ya 1990 katika mpango wa vuta-sukuma: desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, majani ya ng'ombe hupandwa pembeni kuwavuta nondo wa bua. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoifanya mbegu ya kayongo iote na kufa, na wakati huohuo ina vifundo. Hukaa miaka, hulisha ng'ombe, haihitaji kupandwa upya kila msimu. Mwaka wa kwanza palizi yake inachosha, na mbegu si rahisi. Baada ya hapo shamba hubadilika rangi.

Kuna watakaosema haya yote ni ya nini, na serikali imeshusha bei ya mbolea. Ni kweli, Septemba 2022 mfuko uliokuwa shilingi 6,500 ulitolewa kwa 3,500, na mwaka 2023 ukashuka hadi 2,500. Ukipata mbolea hiyo kwa ajili ya mahindi, inunue. Lakini ruzuku ni uamuzi wa mwaka, na aliyewahi kurudi mikono mitupu kutoka kwenye foleni ya mbolea haihitaji hotuba yangu. Tena ile CAN inayomwagwa kabla ya mvua kubwa haikai yote shambani. Huteremka na Nyando hadi Ghuba ya Winam, na huko inalisha magugumaji yaliyowafungia wavuvi wetu njia tangu miaka ya 1990. Naitrojeni iliyofungwa ndani ya kifundo hupitishwa moja kwa moja kwenye mmea, haioshwi na mvua ya kwanza.

Jirani yangu hakwenda Kombewa kununua dawa. Tulichimba pamoja mimea kumi ya kunde zake: minane ilikuwa na vifundo vyekundu, miwili ile ya kivulini chini ya mwembe ilikuwa na vyeupe. Kisha tukavuka hadi kwenye maharagwe yake, na huko tulipata vifundo vichache mno, majani yake yamechakaa kwa njaa ya fosforasi. Msimu uliofuata alitia samadi na TSP kwenye maharagwe, na kunde hakuzitilia chochote.

Kwako msomaji: maua ya mikunde yako yakianza kutoka msimu huu, chukua jembe-uma, beseni la maji na wembe. Chimba mimea kumi, pasua vifundo, hesabu vyekundu na vyeupe, na uandike kwenye daftari kabla ya kwenda dukani kununua mfuko wowote wa mbolea.